Wimbo wa Gari Lililooshwa

Alhamisi moja, saa mbili kasorobo asubuhi, Aba Egyirba alikufa akiwa ameketi kwenye kigoda jikoni kwake, mjini Ajumako, mkononi ameshika donge la ishirini na sita la dokono. Yalikuwa yamebaki kumi na manne. Unga wa mahindi ulikuwa umeshachacha inavyotakiwa, na wateja wake wa Alhamisi walikuwa walimu wa shule, watu wasiojua kusubiri. Aliyafunga yote katika majani makavu ya mgomba, akayapanga sufuriani, akachochea kuni.

Jirani yake Esi Tekyiwa, aliyeimba naye kanisani kwa miaka arobaini, alifika saa tatu kununua mawili. Walipopeana mikono akaushika wake kidogo, akaugeuza.

"Mbona baridi hivi?"

"Nimekufa."

"Lini?"

"Leo leo. Kabla ya kengele ya shule."

Tekyiwa akavuta kigoda. "Pole, mwenzangu. Ukoo umeshaambiwa?"

"Bado."

"Basi hujafa. Nipe mawili, na leo usininyime pilipili."

Hivyo ndivyo ilivyo Ajumako. Mtu hafi kwa kukata pumzi. Anakufa pale mkuu wa ukoo anapopelekewa chupa ya pombe kali na kuambiwa. Kabla ya hapo husemwa kwamba hajisikii vizuri. Egyirba aliuza dokono mpaka likaisha, akaosha sufuria, akavaa kitambaa chake cha bluu, akanunua chupa yenyewe dukani na kwenda kujitangaza. Hakuwa na mtu wa kumtuma. Mjukuu wake Adwoa, aliyemlea tangu siku ya kuzaliwa, alikuwa na mimba ya miezi saba na miguu imemvimba.

Mkuu wa ukoo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Kow Otu, ambaye ukoo mzima, wakubwa kwa wadogo, ulimwita Mjomba. Aliishi kwenye nyumba ya ghorofa ambayo ghorofa yake haikuwa na ngazi. Aliijenga ionekane kutoka barabarani, na kutoka barabarani ngazi hazionekani. Uani kulikuwa na gari jeupe lililofunikwa shuka.

Hakuwa amekanyaga kwa dada yake kwa miaka minne. Alipomwona, macho yalikwenda kwanza kwenye chupa.

"Nani huyo?" aliuliza, akimaanisha marehemu.

"Mimi."

"Loo." Akaipokea chupa, akaisoma karatasi yake ubavuni. "Dada, umetushtua. Kikao Jumamosi."

Egyirba alikuwa ameandika barua sita katika miaka sita kuomba ukoo umsaidie mabati, maana paa lilivuja juu ya kitanda. Mara zote sita kikao hakikufikia idadi. Jumamosi ile walikuja watu sitini na mmoja, wengine kwa basi kutoka Takoradi, na wakagombea viti. Katibu wa ukoo, mwalimu mstaafu aitwaye Essuman, alisoma majina ya waliofika, kisha akaandika chini yake: marehemu amehudhuria.

Wakaanza kupanga. Kitambaa kiwe chekundu na cheusi. Mabango ya tangazo yabandikwe mpaka Mankessim, na picha ya marehemu iwe ya ujanani, kwani ya sasa haipendezi. Gari la maiti liwe lile lenye king'ora. Nyumba ya marehemu ipakwe rangi, na paa libadilishwe lote, maana maiti atalazwa pale na wageni wa heshima hawawezi kudondokewa na maji. Hilo la paa lilipita kwa dakika mbili. Egyirba aliwatazama mmoja mmoja walivyoinua mikono. Alikuwa amewadharau kwa muda mrefu, lakini kwa mbali, kama mtu anavyokijua kijiji asichowahi kukitembelea. Siku ile alitembezwa humo nyumba hadi nyumba.

Alisimama. "Mimi nina jambo la muziki."

"Dada, kaa," alisema Kow Otu. "Wewe ndiwe maiti. Maiti hapangi."

"Sipangi. Nachagua wimbo mmoja tu. Wakinilaza, kabla ya bendi kupiga chochote, Tekyiwa na wenzake wauimbe. Basi."

"Wimbo gani?"

Wimbo wenyewe aliutunga miaka ishirini na miwili nyuma, na hakuwa ameuimba popote isipokuwa jikoni. Binti yake, Bentsiwa, alishikwa na uchungu siku ya Jumatatu na damu ikaanza kutoka kabla ya wakati. Kow Otu alikuwa na gari, la kwanza katika ukoo. Kwa watu wa Ajumako mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye wa kumkimbilia. Kwa hiyo Bentsiwa alimkimbilia. Gari lilikuwa limeoshwa na kufungwa riboni nyekundu na nyeusi kwa ajili ya mazishi ya Jumamosi, mazishi ya mtu mkubwa, na Kow Otu alilitazama gari, akaitazama damu, akasema gari limeoshwa. Bentsiwa alipelekwa kwa mkokoteni wa kubebea mihogo. Mtoto alifika hospitali akiwa hai. Baadaye Kow Otu alimfanyia mpwa wake mazishi yaliyosifiwa mwaka mzima, yenye bendi mbili, na gari lile lile likiwa mbele ya msafara, safi.

Sasa mtoto yule, Adwoa, alikuwa na mimba, na Kow Otu alikuwa na gari jipya. Egyirba hakutaka kisasi. Alitaka mtu yule aaibike mbele ya umati kiasi kwamba msichana atakapoita, aogope kukataa. Na Ajumako hakuna mahali pengine ambapo wanawake wanaweza kumtaja mkubwa kwa jina lake bila kunyamazishwa, ila mbele ya maiti.

Akauimba, pale pale, mikono imelala tumboni:

*Kow Otu, gari lipo uani,*
*funguo zipo mfukoni,*
*mpwao anakuita, mjomba, mjomba,*
*gari limeoshwa, gari limeoshwa.*

Watu sitini na mmoja wakamgeukia Mjomba. Kow Otu alishika kidevu na kufikiri kwa makini, macho ameyafumba nusu.

"Mfupi," alisema mwisho. "Halafu hauna pa kuchezea."

"Ni kweli, Mjomba," alisema mmoja wa Takoradi. "Tarumbeta zitaingilia wapi?"

"Tena ni wa huzuni," alisema mwingine. "Watu watatoka mbali wale huzuni?"

Essuman akaandika: wimbo wa marehemu umezingatiwa. Kisha wakakubaliana kuleta bendi ya matarumbeta kutoka Mankessim na spika nane, kila moja yenye kimo cha mtu, na wakainywa chupa ya Egyirba mpaka tone la mwisho.

Mazishi yalipangwa baada ya wiki nane, ili rangi ikauke. Siku hiyo hiyo Kow Otu aliamuru dada yake apelekwe mochwari kwa gari lake. Dereva alitandika nailoni kwenye kiti cha nyuma. Ilikuwa mara ya kwanza Egyirba kupanda gari la ndugu yake. Lilikwenda vizuri sana. Lilifika hospitali kwa dakika kumi na saba. Alizihesabu.

Kabla ya kuondoka alimshika Adwoa bega. "Uchungu ukija, usiende kwa Mjomba."

"Niende kwa nani, Bibi?"

"Njoo kwangu."

"Wewe si utakuwa kwenye jokofu?"

"Jumamosi ya mazishi nitakuwa nyumbani. Jitahidi iwe Jumamosi."

Mochwari alipewa namba kumi na nne. Mhudumu, Fiifi, alikuwa mtu mpole aliyekula chakula chake cha mchana humo humo, kwa kuwa kulikuwa na ubaridi. Egyirba hakuwa na kazi, na mikono isiyofunga dokono ilimsumbua, hivyo akawa anaimba. Aliimba polepole kwa ndani, midomo imefungwa.

"Kumi na nne, punguza sauti," alisema Fiifi. "Kuna wageni wamekuja kumtambua mtu."

Alipunguza. Lakini namba tisa, aliyekuwa mwalimu wa kwaya, alikuwa ameshaudaka, na baada ya siku mbili akautilia sauti ya nne. Namba ishirini, dereva wa malori ya kakao, akaweka mdundo kwa kisigino kwenye bati. Wiki ya pili jokofu zima lilikuwa linaimba. Fiifi aliripoti kwa mkubwa wake, ambaye alikuja, akasikiliza, akaagiza mlango wa jokofu utiwe mpira mpya.

Maiti wa mochwari ile walitoka wilaya nzima, na kila Jumamosi walirudishwa makwao wakazikwe. Kila mmoja alirudi na wimbo. Walilazwa vitandani wamevalishwa vizuri, pamba puani, wakiuimba kwa ndani, na wapiga tarumbeta waliosimama karibu wakauokota, kwa sababu mpiga tarumbeta huokota chochote. Wakauongezea mwendo. Wakampa mtu wa ngoma kubwa nafasi baada ya neno *mjomba*. Mahali ambapo Egyirba alivuta pumzi, wakaingiza tromboni.

Wiki ya sita Tekyiwa alikuja kumtembelea, akaketi kwenye ndoo.

"Nyumba yako imependeza," alisema. "Mabati ya bluu. Na choo cha wageni, cha kuvuta maji."

"Kumbe linatengenezeka, paa langu."

"Linatengenezeka. Sasa sikiliza. Wimbo wako unapigwa kila mahali. Jumamosi iliyopita nimeusikia Bisease, watu wanauita kwa jina, 'Tupigieni Gari! Tupigieni Gari!' Na Mjomba alikuwepo."

Egyirba aliinuka kwa kiwiko kimoja. "Alifanya nini?"

"Aliucheza."

"Aliucheza?"

"Kwa leso mbili. Moja kila mkono."

Egyirba alilala tena. Fiifi alimaliza chakula chake, akafunga bakuli. Namba ishirini alikuwa ameshachukuliwa akazikwe, na mdundo ulikuwa umeshikwa na dereva mwingine wa lori.

Mazishi yalifanyika kama yalivyopangwa. Alfajiri Egyirba alilazwa sebuleni kwake, kwenye kitanda cha shaba cha kukodi, chini ya paa lisilovuja. Walimbadilisha nguo mara tatu, ya mwisho kente, wakamvika shanga za dhahabu za mtu mwingine. Watu mia nne walijaa uani kwa nyekundu na nyeusi. Wengi hawakuwahi kula dokono lake. Walipita kitandani wakilia kwa sauti, wakatoka nje wakiuliza soda zinatolewa wapi.

Zamu ya Tekyiwa na wenzake haikuwekwa kwenye ratiba. Bendi ilianza na wimbo wa kanisa, ikapiga ubeti mmoja, na umati ukaanza kupiga kelele. "Gari! Gari! Tupigieni Gari!" Kiongozi wa bendi akageukia wenzake, akainua kidole.

Kisha ukaja, kutoka kwenye tarumbeta kumi na mbili na spika nane, wimbo ambao Egyirba aliutungia kwenye moshi wa kuni huku akifunga dokono na kutokwa na makamasi. Mia nne waliuimba. Hata neno moja halikuachwa. *Kow Otu, gari lipo uani.* Watoto waliujua. Wageni wa heshima waliujua. *Funguo zipo mfukoni*, na kila mtu akajipiga mfukoni, kwani huo ndio uliokuwa mtindo wake wa kuuchezea.

Kow Otu alikuwa katikati. Alicheza vizuri, hilo Egyirba hakuwahi kumnyima. Kila jina lake lilipotajwa alimwendea mpiga tarumbeta wa kwanza na kumbandika noti ya sedi kwenye paji la uso lenye jasho, na mpiga tarumbeta akalirudia jina, na yeye akabandika nyingine. Alicheka kwa meno yote. Alijielekeza kifuani kwa kidole gumba, asije mtu akadhani ni Kow Otu mwingine.

Egyirba alifungua jicho moja akamwona kupitia dirishani. Alikuwa ametaka maneno yasikike, na yamesikika. Hakujua kwamba kuna mtu anayeweza kusemwa kwa tarumbeta kumi na mbili na asisikie ila jina lake.

Saa tatu Adwoa, aliyekuwa nyuma ya nyumba akikaanga samaki wa wageni, aliweka mwiko chini na kushika ukuta. Kina mama waliokuwa naye walimwambia aende kwa Mjomba. Alisema Bibi alimkataza. Wakamwambia asiwe mjinga, Bibi ni marehemu, na gari ndilo lile pale. Kwa hiyo alikwenda, ameshika kiuno, akipita katikati ya wachezaji, maji yakimtiririka miguuni.

"Mjomba," alisema. "Uchungu umenishika. Naomba gari, Mjomba."

Kow Otu aliweka mkono sikioni.

"Mjomba! Gari!"

*Gari limeoshwa*, waliimba mia nne, *gari limeoshwa*, na ngoma kubwa ikapiga.

"Si unaliona, mama," alisema Kow Otu, akimwonyesha kwa leso. Lilikuwa mbele ya uzio, jeupe, limefungwa riboni. "Litaongoza msafara. Tumzike bibi yako kwanza, halafu tutaona." Akazunguka kwa mguu mmoja kurudi kwenye duara, kwani ubeti ulikuwa unaanza upya na jina lake liko mstari wa kwanza.

Egyirba akatoa pamba puani. Akateremka kitandani, akaikusanya kente isimkwaze, na kutoka kwa mlango wa mbele. Watu walimpisha. Mmoja alimwambia pole kwa msiba. Alimkuta Adwoa amepiga magoti karibu na spika, akamwinua, akaenda naye mpaka kwenye gari la maiti lililoegeshwa chini ya kivuli, injini ikiunguruma kwa ajili ya ubaridi.

Dereva alishusha kioo. "Mama, mimi nimeambiwa nimpeleke maiti makaburini saa tano."

"Maiti ni mimi. Tupitie hospitali kwanza."

"Na huyu?"

"Huyu ananisindikiza."

Dereva alifikiri. Hakuona kitu katika makubaliano kilichokataza. Adwoa alilala mahali pa jeneza, kwenye kitambaa cha zambarau chenye pindo la dhahabu, na bibi yake akaketi ubavuni akimshika mkono kwa mkono wake wa baridi, ambao Adwoa alisema unamfaa kwa lile joto. Dereva akawasha king'ora. Magari yote ya barabarani yalipisha, madereva wakavua kofia. Walitumia dakika kumi na mbili.

Nyumbani hakuna kilichoharibika. Saa tano jeneza lilifungwa na kubebwa mabegani. Wabebaji waliliona jepesi wakashukuru, wakacheza nalo kuliko walivyowahi kucheza na jeneza lolote, wakilirusha na kulidaka mpaka makaburini. Gari jeupe liliongoza msafara. Mchungaji alisema marehemu amepumzika. Wakati udongo unamwagwa, mtoto wa Adwoa alizaliwa, wa kike, mwenye sauti. Kwa kuwa ni Jumamosi, jina lake la siku lilikuwa Ama, na Egyirba akaongeza Bentsiwa.

Jumapili ilikuwa ibada ya shukrani. Egyirba alikuwa amerudi kwa miguu jioni ya mazishi na kukuta kaburi limeshafukiwa, na jembe hakuwa nalo, hivyo alilala kwake kwa usiku mmoja chini ya mabati ya bluu. Asubuhi alikwenda kanisani na kente yake, akaketi benchi la mwisho. Tekyiwa alimsogelea.

"Mjukuu?"

"Hajambo. Na mtoto hajambo."

"Mungu mkubwa. Na wewe umeshazikwa, nilikuwepo."

"Nimesikia. Walinizika vizuri?"

"Vizuri mno."

Mbele, Kow Otu alisimama, nguo nyeupe, sauti imekauka kwa kuimba. Aliwashukuru wote. Alisema ukoo umeonyesha upendo wake, na anayebisha akatazame lile paa. Alisema amesikia kuna mtoto amezaliwa, na hilo ni jambo jema. Amepiga hodi siku nzuri.

"Dada yangu alikuwa mtu mgumu," aliendelea. "Wengine mlimjua. Lakini alituachia wimbo. Sasa mimi ni mzee, na sitaki siku yangu watu wagombane kama tulivyogombana. Mwalimu Essuman, andika, mkutano ukiwa shahidi. Mimi nikifa, nataka wimbo huo. Kabla ya wimbo wa kanisa. Nikilazwa tu, uanze."

Essuman alitoa kalamu. "Na maneno yake yote, Mjomba?"

"Yote! Asipunguze mtu hata moja. Jina langu lisikike mpaka barabarani."

Kanisa likapiga makofi. Kina mama wa benchi la mbele, bila kusubiri kuambiwa, wakauanzisha, na kanisa zima likasimama likiuchezesha mwili, wazee wakijipiga mifukoni.

"Basi wimbo umeimbwa, mwenzangu," alisema Tekyiwa. "Si ndivyo ulivyotaka?"

Egyirba aliwatazama migongo yao yote, katika nguo nyeupe za shukrani, inayotikisika kwa pamoja, na hakuna hata mmoja aliyempa hamu ya kumtemea mate. Mate yana kazi nyingine. Akaazima jembe kwa mtunza kanisa, akatemea viganja, na kutoka nalo begani kuelekea makaburini, akajizike mwenyewe kabla jua halijawa kali.

Nje ya lango dereva wa Kow Otu alikuwa amekunja suruali, ana ndoo mbili na sabuni. Jumamosi inayokuja kulikuwa na msiba Bisease, na alikuwa ameshaanza na magurudumu.